Shimo la Gurudumu na Nguvu ya Bawa

Maneno haya yalisomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi. Kamati imeomba yapigwe chapa hapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa zamu siku hiyo.



Sisi tuliosimama mbele yenu ni wale saba wa karakana ambao kazi ikiisha huketi nyuma ya ukumbi wa chama na kuunda ndege ndogo za mfano. Wengine wenu hutuita marubani wa ubao, wala hatulikatai jina hilo. Wengi wenu mlikuwapo siku ya michezo ya watoto, mkaiona ndege yetu ikivunjika bawa mbele ya watoto wenu. Tena fedha za kununulia mashine zake mlizitoa ninyi, shilingi kwa shilingi. Kwa hiyo kamati ilituita, ikatuambia: Semeni ilivunjika kwa sababu gani. Twaona ni haki. Mtu akipewa fedha za watu, hesabu iko juu yake.

Basi tutasema. Lakini hatutaeleza habari za ndege nzima, maana tutakesha hapa. Tutasema juu ya jambo moja lililotuangusha, nalo ni lile shimo ambamo gurudumu huingia ndege ikiwa hewani.

KWA NINI GURUDUMU LIFICHWE

Ndege ikiwa chini yahitaji miguu. Ikiwa juu, miguu haina kazi tena ila kuzuia mwendo. Kila mmoja wetu amewahi kutoa mkono dirishani gari moshi likienda mbio, ijapokuwa sheria yakataza, akaona jinsi upepo unavyousukuma mkono nyuma. Mwendo ukizidi mara mbili, upepo husukuma mara nne. Ndiyo sababu wajenzi wengi wa ndege, mwendo ulipozidi katika miaka ya 1930, walianza kukunja miguu na kuiingiza ndani.

Haikuwa kazi rahisi. Ndege ya kivita ya Urusi iitwayo Polikarpov I-16, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1933, ilikuwa na mkono wa chuma, na rubani hakuwa na budi kuuzungusha mara 44 ndipo miguu ikaingia. Katika Spitfire za kwanza za Waingereza rubani alipiga pampu kwa mkono mmoja huku mkono wa pili umeshika usukani, na watu waliosimama chini waliiona ndege ikipanda na kushuka kama mtumbwi juu ya mawimbi mpaka amalize kupiga.

Iko ndege nyingine, DC-3, ambayo wazee wetu waliiita Dakota. Ilianza kuruka mwaka 1935, na baadaye shirika la East African Airways liliitumia miaka mingi katika nchi zetu. Hiyo haikumeza gurudumu lote. Sehemu ya gurudumu ilibaki ikichungulia chini ya injini. Faida yake ni kwamba rubani akilazimika kutua miguu ikiwa imekunjwa, magurudumu yale hupokea sehemu ya kishindo, na tumbo la ndege haliumii sana. Na siku hizi mtu akisimama Embakasi akaitazama Boeing 737 ikipaa, ataona magurudumu meusi yamelala wazi tumboni kama sahani. Hayana mlango wa kuyafunika. Mlango mmoja ukipungua, uzito umepungua, na kitu kimoja cha kuharibika kimepungua.

Twawaeleza haya mpate kujua kwamba hata wakubwa wa kazi hii hawakumeza gurudumu kwa pupa. Walipima kwanza shimo litataka malipo gani.

SHIMO HULA NINI

Bawa la ndege yetu limejengwa kwa namna ambayo ninyi mafundi wa mabehewa mtaitambua upesi. Kwanza kuna boriti kuu, moja juu na moja chini, zinazotoka ncha moja ya bawa mpaka nyingine. Hizo ndizo uti wa mgongo. Kisha kuna mbavu zinazokatiza boriti, nazo ndizo zinazolipa bawa umbo. Mwisho kuna ngozi ya ubao mwembamba, milimita 2, iliyogandishwa juu na chini. Ubao huo ni wa mti wa balsa, mwepesi sana, ambao hutoka zaidi katika nchi ya Ecuador.

Ndege ikiwa hewani, upepo huyainua mabawa, na uzito wa tumbo huvuta chini. Kwa hiyo boriti ya chini huvutwa, na boriti ya juu hubanwa. Ngozi nayo ina kazi yake: huzuia bawa lisijisokote. Bwana Mwenyekiti ameshika hapa bomba la karatasi ngumu. Tafadhali, Bwana Mwenyekiti, lisokote. Mnaona, ni gumu. Sasa lichane kwa mkasi kutoka mwisho huu mpaka ule, ulisokote tena. Mnaona wenyewe jinsi lilivyolegea, na hapana karatasi hata kidogo iliyoondolewa. Limechanwa tu.

Basi shimo la gurudumu hufanya hivyo upande wa chini wa bawa, mahali palepale ambapo bawa lina kazi nyingi, karibu na tumbo. Hukata ngozi, hukata mbavu, na fundi asipoangalia hukata na boriti.

Tena kuna habari ya pembe. Twajua wenyewe kwamba penye pembe ya mlango wa behewa ndipo ufa hupenda kuanzia. Wajenzi wa ndege walijifunza jambo hili kwa bei kubwa. Ndege za Comet za Uingereza zilikuwa jeti za kwanza duniani kuchukua abiria kwa ratiba, mwaka 1952, zikaenda London mpaka Johannesburg. Mwaka 1954 Comet mbili zilipasuka hewani, moja karibu na kisiwa cha Elba, na nyingine baharini karibu na Naples, Italia. Wachunguzi wakaitia Comet nyingine ndani ya tangi kubwa la maji, wakaijaza shinikizo na kulitoa, wakarudia tena na tena, mpaka ngozi ikapasuka. Chuma kilikuwa kimechoka, na ufa ulianzia penye pembe za matundu yaliyokatwa katika ngozi. Tangu hapo hapana mjenzi asiyeogopa pembe kali.

MAKOSA YETU

Sasa twafika kwetu. Ndege yetu ina upana wa milimita 1,600 kutoka ncha ya bawa hili mpaka ncha ya lile, na uzito wa kilo 3.2. Huendeshwa kwa mota ya umeme, na huongozwa kwa redio. Mashine za kukunja miguu tulizinunua. Kila moja ina mota ndogo na skrubu ndefu inayousukuma mguu, na mguu ukifika mwisho hujifunga wenyewe. Mashine hizo hazikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa katika shimo, ambalo tulilifanya kwa mikono yetu.

Kosa la kwanza lilikuwa gurudumu. Tulichagua la milimita 70 kwa sababu lilipendeza macho. Ndege yetu ina gurudumu dogo mkiani, kwa hiyo miguu mikubwa haina budi kukaa mbele ya kituo cha uzito, la sivyo ndege itaanguka kifudifudi. Mbele kuna nafasi ndogo. Kutoka mdomo wa bawa mpaka boriti ni milimita 87 tu. Gurudumu la 70 lataka shimo la 76, yaani milimita 3 kila upande, ili mpira usikwaruze. Na mdomo wa bawa ni mwembamba, gurudumu halilali humo. Basi tukalisogeza shimo nyuma, na tulipofika kwenye boriti ya chini, tukailamba theluthi moja kwa patasi.

Kosa la pili lilikuwa mbao za kushikia mashine. Sisi huziita mataruma, kwa sababu mashine hukaa juu yake kama vile reli inavyokaa juu ya mataruma. Tuliyakata mafupi, yakasimama kati ya mbavu mbili tu, tukayagandisha kwenye balsa tupu. Ndugu zetu wa njia mnaujua mtaimbo. Mguu wa ndege ni mtaimbo. Wetu una milimita 130 kutoka gurudumu mpaka mashine, na mataruma mawili yametengana milimita 30. Gurudumu likivutwa nyuma kwa kilo 5, taruma la mbele huvutwa chini, na la nyuma husukumwa juu, kwa zaidi ya kilo 21 kila moja. Gawanyeni wenyewe mtaona. Kilo 21 juu ya ubao ambao mtoto aweza kuubonyeza kwa kidole!

Kosa la tatu lilikuwa ile njia ya kulaza mguu. Tuliikata kwa kisu, ikawa na pembe kali kama sanduku.

Lakini kosa la nne ndilo lililo kubwa, nalo halikufanywa kwa kisu. Katika kundi letu yuko seremala mmoja aliyetuzidi umri sisi wote. Wiki ile, kwa sababu ya haraka, tulikuwa tukikutana kila jioni. Siku ya Alhamisi, ngozi ya chini ilikuwa bado haijafunikwa. Mzee akaweka kidole gumba juu ya boriti iliyolambwa, akasema, "Hapa mmetoa, na hamjarudisha."

Tukamjibu, "Mzee, siku ya michezo ni Jumamosi. Watoto wameahidiwa."

Akasema, "Boriti haijui siku ya michezo."

Mmoja wetu akacheka, akasema kwamba ngozi ikishafunikwa na kupakwa rangi hapana atakayeona. Mzee akanyamaza, akachukua randa yake akaenda zake nyumbani. Nasi tukafunika.

Jumamosi ndege ilipaa vizuri, ikakunja miguu, watoto wakapiga makofi. Ilitua mara mbili bila shida. Mara ya tatu gurudumu la kushoto lilikwama katika kichaka cha majani. Mguu ukavutwa nyuma. Mataruma yakang'oka. Ufa ukatoka penye pembe ya shimo, ukaenda moja kwa moja mpaka pale tulipoilamba boriti, na bawa likalala chini kama bawa la kuku. Hapana mtu aliyeumia, kwa kuwa watoto walikuwa nyuma ya kamba. Lakini hatutasahau jinsi mtoto mmoja alivyouliza kwa sauti, "Baba, si mlisema mnajua?"

BAWA LA PILI

Tumejenga bawa la pili kwa fedha za mifuko yetu, si za chama. Tutaeleza jinsi tulivyofanya, ili kama yuko mwanagenzi anayetaka kujaribu, aanzie tulipoishia sisi.

Kwanza, karatasi kabla ya ubao. Tulichora bawa kwa ukubwa wake halisi, limetazamwa kutoka juu na kutoka mbele. Tukakata mguu wa karatasi ngumu pamoja na gurudumu lake, tukauchoma pini penye bawaba, tukaukunja na kuukunjua juu ya mchoro. Kalamu ya risasi ikafuata njia yake yote. Makosa matatu tuliyaona juu ya karatasi, ambayo hugharimu senti chache.

Pili, boriti isiguswe. Hiyo tuliiandika ukutani. Badala ya kuikata boriti, tulipunguza gurudumu. Tulichukua la milimita 60, na shimo lake ni 66, hivyo kutoka ukingo wa shimo mpaka mdomo na mpaka boriti zinabaki jumla ya milimita 21. Mbele, ambapo bawa ni jembamba, gurudumu linachungulia nje milimita 4. Tuliona aibu kidogo, kisha tukaikumbuka Dakota. Kama Dakota haikuona aibu, sisi ni nani?

Tatu, mbavu zipewe wenzi. Kila ubavu uliokatwa au unaobeba taruma tuliugandisha plaiwudi ya milimita 3, na plaiwudi hiyo hutoka karibu na mdomo wa bawa mpaka nyuma ya boriti. Maana yake ni kwamba nguvu inayotoka kwenye mguu haikai pale shimoni. Hupita katika plaiwudi, hufika kwenye boriti, na boriti huigawa bawa zima.

Nne, mataruma yawe marefu. Haya ya sasa ni ya mti mgumu, milimita 12 kwa 12, nayo hupita katika mbavu tatu, si kati ya mbili. Gundi ni ile ya epoksi, inayochanganywa dawa mbili, nasi tuliiacha usiku kucha. Matundu ya skrubu yalitobolewa kwanza kwa keekee nyembamba. Tuliingiza skrubu, tukazitoa, tukadondosha gundi nyepesi matunduni ili nyuzi za mti zishikamane, ikakauka, ndipo tukazirudisha.

Tano, mashine ifungwe kabla shimo halijamalizika. Mara ya kwanza tulikata shimo, kisha tukatafuta gurudumu litaingiaje. Safari hii tulifunga mashine mahali pake, tukapaka chaki kwenye mpira, tukaukunja mguu polepole. Palipogusa paliacha alama nyeupe. Tukatoa kidogo kwa msasa, tukapaka tena, tukakunja tena. Ndugu zetu mafundi wa beringi mwajua kazi hii: ni ileile ya kupaka rangi ya buluu na kukwangua palipoguswa. Ni kazi ya subira, lakini mwishowe shimo halikuwa kubwa kuliko haja yake hata kwa milimita moja.

Sita, ukuta wa shimo. Hapa ndipo nguvu hurudishwa. Tulichukua kopo la bati lenye upana unaofaa, tukalizungushia karatasi iliyopakwa nta ili gundi isishike, kisha tukazungusha plaiwudi nyembamba sana, milimita 0.4, mara tatu, na gundi katikati. Ilipokauka tulilichomoa kopo, tukapata pete ngumu kama ngoma. Pete hiyo tuliisimamisha ndani ya shimo, ikagandishwa juu kwenye ngozi ya juu, chini kwenye ngozi ya chini, na ubavuni kwenye mbavu. Kisha tukakata pete nyingine bapa ya plaiwudi ya milimita 1.5, upana wake milimita 10, tukaigandisha kuzunguka mdomo wa shimo kwa ndani. Sasa nguvu iliyokuwa ikipita katika ngozi iliyokatwa hupata njia ya kuzunguka.

Saba, pembe zote ziwe za mviringo. Kwanza tulitoboa tundu la duara kila mwisho wa ile njia ya mguu, ndipo tukakata kati ya matundu. Kisu hakikufika penye pembe kamwe.

Nane, waya zisipite shimoni. Waya za mota tulizipitisha nje ya ukuta, ndani ya kijibomba cha karatasi. Gurudumu huingia likiwa na mchanga, matope na majani, tena wakati mwingine bado linazunguka. Mpira unaozunguka hukata waya kama msumeno. Ndani ya shimo tulipaka vanishi mara mbili, ili maji na mafuta yasinywewe na balsa.

Tisa, jaribio. Tulikunja na kukunjua miguu mara 50, ndege ikiwa imewekwa juu ya viegemeo. Tukatia ndoano ya mizani penye gurudumu, tukavuta nyuma mpaka kilo 5, na sikio la mtu mmoja likiwa juu ya bawa kusikiliza mlio. Hapakuwa na mlio. Tukaiinua ndege milimita 150 juu ya sakafu, tukaiachia. Mara kumi. Hapo ndipo ngozi ya chini ilipofunikwa. Bawa la pili lina uzito zaidi kidogo kuliko la kwanza, na uzito huo ndio malipo ya shimo. Asiyetaka kuulipa aache miguu nje, wala hapana atakayemcheka. Ndege nyingi nzuri zimeruka miguu ikiwa nje.

Baada ya kupata ruhusa inayotakiwa, bawa hili limekwisha ruka na kutua mara kumi na nne. Limekwama majanini mara mbili. Limesimama.

SHIMO KUBWA

Ndugu, yawezekana mtu aseme: Haya ni mambo ya watu wazima wanaocheza. Kwa hiyo tutaeleza habari ya shimo la kweli.

Tarehe 11 Julai 1991 ndege ya DC-8 iliondoka Jeddah, katika Saudi Arabia, ikiwarudisha mahujaji kwao Sokoto, Nigeria. Ilikuwa ndege ya kampuni ya Canada, iliyokodishwa na shirika la Nigeria Airways. Baadhi ya matairi yake yalikuwa na upepo pungufu. Uchunguzi ulionyesha kwamba fundi mkuu alilijua jambo hilo kabla ya safari, akataka matairi yashughulikiwe. Lakini naitrojeni ya kuyajaza haikupatikana kwa wepesi, na msimamizi wa kazi hakutaka ndege ichelewe. Ikaruhusiwa kwenda.

Ilipokuwa ikikimbia ili ipae, tairi lililolegea lilimwachia mwenzake mzigo wote. Matairi yakaharibika, gurudumu likakoma kuzunguka, likaburuzwa juu ya njia mpaka likashika moto. Marubani hawakuweza kuuona moto huo kutoka walipoketi. Walipopaa wakakunja miguu kama ilivyo desturi, na moto ukaingia shimoni pamoja na gurudumu. Ndani ya shimo ukala mabomba na waya za kuongozea ndege, ukala na sakafu ya abiria. Walijaribu kurudi uwanjani, wakaanguka karibu na njia ya kutulia. Watu wote 261 walikufa.

Hatulinganishi mchezo wetu na msiba huo. Bawa letu lilivunjika na watoto wakasikitika; kule familia nzima nzima zilipotea. Lakini twasema kwamba maneno yaliyotangulia yalikuwa ya namna moja. Aliyeshika kazi kwa mikono yake alisema, hapa pana upungufu. Mwenye haraka akasema, saa imefika. Kisha gurudumu likaingia ndani na mlango ukafungwa, na upungufu ukawa hauonekani tena.

Nasi wa reli tuna mashimo yetu. Beringi ya ekseli ikikosa grisi hupata moto ndani ya sanduku lake, na nje rangi bado yang'aa. Ufa wa gurudumu huanza mdogo kuliko unywele. Abiria hawezi kuyaona mambo hayo. Mkubwa aliye ofisini hawezi kuyaona. Anayeyaona ni mtu mmoja mwenye taa na nyundo, saa tisa ya usiku, na baridi imemshika. Huyo akisema behewa lisitoke, neno lake ndilo taruma letu sote.

TUNAYOYAOMBA

Katika kundi letu dogo tumejiwekea sheria moja. Kabla ngozi haijafunikwa, watu wote huitwa, hata mwanagenzi aliyeanza jana, na kila mmoja hutazama ndani kwa taa. Mtu mmoja akisema hapana, ngozi haifunikwi mpaka neno lake lijibiwe kwa kipimo. Kujibiwa kwa kicheko si kujibiwa, na kuonyeshwa saa si kujibiwa. Tulimwendea Mzee nyumbani kwake, tukamwomba radhi, naye ndiye aliyeipiga randa pete ya shimo mnaloliona leo.

Twaiomba kamati ilipeleke jambo hili mbele, katika mazungumzo yake na wakubwa wa kazi: mkaguzi akikizuia chombo, jambo la kwanza la kuulizwa liwe ameona nini, na jibu liandikwe. Habari ya ratiba ije baadaye. Tena asiandikiwe kosa kwa sababu ya kuchelewesha, mpaka chombo kitakapokuwa kimefunguliwa na kutazamwa. Jambo hili halitaki fedha nyingi. Lataka umoja wetu, maana mtu mmoja akisimama peke yake na neno la hapana husukumwa upesi, kama taruma lililo kati ya mbavu mbili za balsa.

Bawa lililovunjika tumelileta, liko juu ya meza pale mlangoni. Hatukulitengeneza, tena hatukulipaka rangi. La pili liko kando yake, na upande mmoja tumeufungulia ngozi ili mpate kuona pete na mataruma. Yaguseni kwa mikono yenu. Vijana wanagenzi wanaotaka kujiunga nasi waje na kisu chao na subira yao. Na yeyote atakayeona upungufu katika bawa hilo la pili, asitoke mlangoni kabla hajatuambia.